Malaria kwa askari walio misheni: dawa zipo, nani anahakikisha zimemezwa?

Tabibu wa Kikosi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila kikosi kinapoagwa kwenda misheni katika nchi za joto, watu wanazungumzia silaha, magari ya deraya na posho. Mbu hatajwi. Ukisoma historia ya majeshi yaliyopigana ukanda wa tropiki, utakuta mara nyingi maradhi yaliwaondoa askari wengi uwanjani kuliko risasi, na malaria imo karibu kila mara. Nimefanya kazi ya utabibu jeshini kwa muda mrefu na hoja yangu ni moja: malaria ya askari ni kazi ya kamanda kabla haijawa kazi ya daktari.

Angalieni Burma. Jenerali William Slim wa Uingereza alipokabidhiwa Jeshi la 14 mwaka 1943 kupambana na Wajapani, alikuta kwa kila askari mmoja anayeondolewa mbele kwa majeraha, 120 wanaondolewa kwa maradhi. Wagonjwa wa malaria peke yao kwa mwaka walikuwa sawa na asilimia 84 ya jeshi zima. Hebu fikiria unapanga mashambulizi na jeshi la namna hiyo.

Na dawa ilikuwepo. Kwinini ilikuwa imeadimika kwa sababu Wajapani waliiteka Java mwaka 1942, na huko ndiko karibu magome yote ya mkwinini ya dunia yalikotoka. Badala yake askari walipewa mepakrini, kidonge kichungu cha njano kinachogeuza hata ngozi kuwa ya njano. Ikaenea fununu kambini kwamba kinamaliza nguvu za kiume. Basi, vidonge vikawa vinatemwa mara mgongo wa sajini unapogeuka.

Slim hakuita madaktari waje kutoa semina. Alianzisha ukaguzi wa kushtukiza: kikosi kizima kinapimwa damu kuona kama dawa imo. Ikipatikana kwa chini ya asilimia 95 ya askari, kamanda wa kikosi anavuliwa ukamanda. Alilazimika kuwaondoa makamanda watatu tu. Wengine wote wakaanza kusimama mbele ya mstari na kutazama koo za vijana wao. Kufikia 1945 idadi ya wanaougua ilikuwa imeshuka hadi mtu mmoja kwa kila askari elfu kwa siku.

Kidonge ni kilekile na mbu ni walewale. Kilichobadilika ni nani anawajibishwa.

Waaustralia walifika hapohapo kwa njia yao. Baada ya malaria kuwatesa New Guinea, walifungua kituo cha utafiti Cairns chini ya daktari wa jeshi Neil Hamilton Fairley. Askari waliojitolea waling'atwa na mbu wenye vimelea huku wakimeza miligramu 100 za mepakrini kila siku, kisha wakafanyishwa mazoezi makali kuona kama uchovu utavunja kinga. Haikuvunjika. Hapo ikawa wazi kwamba askari akiugua huku anasema "nameza kila siku", jambo la kwanza kulichunguza ni kama anameza kweli.

Leo dawa ni bora zaidi. Doksisaiklini miligramu 100 kila siku, inaanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili nao ni wa kila siku, ila baada ya kutoka unamalizia siku 7 tu. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki lakini ina mambo yake, wadau watayaleta. Pamoja na hayo yote bado vikosi vinaugua.

Karibuni tujadili. Waliowahi kwenda, semeni mlivyoona.

---

Mlinzi wa Usiku

Afande, umegusa penyewe. Naomba niongeze upande wa lindo, maana huko ndiko watu wanakopigwa.

Kila ukisikia kampeni ya malaria utasikia chandarua, chandarua. Kwa raia ni sawa kabisa. Lakini mbu wa malaria anauma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na saa hizo askari yuko lindoni, kwenye doria, au amelala nje pembeni ya gari. Chandarua chake kimekunjwa ndani ya begi. Kwa hiyo kwa askari ukuta wa kwanza ni nguo aliyovaa.

Kombati iliyotiwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni kitu kingine kabisa. Dawa ile inakaa kwenye uzi wa kitambaa, mbu akitua anapooza au anakufa. Zile zinazotiwa dawa kiwandani zinastahimili kufuliwa mara nyingi sana, ilhali ukitia mwenyewe kwa kuloweka au kupuliza inabidi urudie baada ya muda. Ila dawa iko kwenye nguo, haiko kwenye ngozi. Ukikunja mikono ya shati hadi kwenye kiwiko kwa sababu ya joto, umempa mbu mkono mzima. Kwetu ilikuwa amri: jua likizama, mikono chini, suruali ndani ya buti. Platuni ambayo kamanda wake mwenyewe alikunja mikono, vijana wote walikunja.

Halafu mafuta ya kufukuza mbu, yale yenye DEET. Askari wengi hawayapendi. Yananata, yanachanganyika na jasho, yakigusa plastiki yanaiyeyusha: kioo cha saa, miwani, hata mpini wenye mpira. Wengine wanaogopa harufu itawafichua. Haya ni malalamiko ya kweli na ukiyapuuza mtu atabeba chupa miezi sita bila kuifungua. Dawa yake ni kuwafundisha: paka mikono kwa nje, shingo, masikio na uso bila kugusa macho, futa viganja kabla ya kushika kifaa, rudia kabla ya kuingia lindo la pili. Kama kuna mafuta ya jua, hayo yanatangulia na DEET inafuata juu yake.

---

Kaskazi

Nawaheshimu wakuu lakini mimi naona mnakuza mambo. Sisi tuliozaliwa kwenye malaria mwili umeshazoea. Nimeugua utotoni hadi nikachoka, siku hizi ikinipata ni kichwa kidogo tu, nameza mseto naendelea. Kwa nini nimeze antibiotiki kila siku mwaka mzima? Hizi kinga ni za Wazungu.

---

Tabibu wa Kikosi

Kaskazi, nashukuru umeliuliza waziwazi, kwa sababu wengi wanalifikiria kimyakimya na ndio tunaowabeba kwenye machela.

Kinga unayoisema ipo, lakini ni nusu kinga na inadumu kwa sababu unaendelea kuumwa na mbu wenye vimelea. Ukikaa mbali na malaria inapungua mwaka hadi mwaka. Sasa askari kijana amekaa mjini ambako malaria imepungua sana, au kambi ya nyanda za juu zenye baridi, kisha anapelekwa msituni kwenye maambukizi makali. Kichwani anaamini ana kinga ya bibi yake. Mwilini hana. Tena huyu ndiye anayechelewa kuripoti homa, maana anaiona ni "kichwa kidogo". Malaria ya falsiparamu, ile aina kali zaidi, inaweza kumtoa mtu kwenye homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili.

Na tuseme kweli wewe kinga unayo. Maana yake unaweza kutembea na vimelea damuni bila kuumwa. Mbu anakuuma wewe, baada ya siku kama kumi hivi yuko tayari kumwambukiza mwenzako wa hema moja ambaye hana kinga kabisa. Kikosini huugui peke yako.

Kuhusu doksisaiklini ya muda mrefu, madhara yake yanajulikana: ngozi inaungua upesi na jua, tumbo linasumbua. Inywe na chakula na maji mengi, usilale papo hapo maana inaunguza koo la chakula. Ina faida ya pembeni pia kwa anayelala porini na kuvuka maji, kwani inasaidia dhidi ya baadhi ya bakteria wa huko kama wale wa leptospirosisi.

---

Kaskazi

Hilo la kumwambukiza mwenzangu sikuwahi kulifikiria. Nimekuelewa.

---

Nyuki Mweusi

Kwa wanaodhani hili ni suala la majeshi masikini, someni kilichotokea Liberia mwaka 2003. Wanamaji wa Marekani walishushwa karibu na Monrovia, kwenye uwanja wa ndege wa Roberts. Hawakukaa hata mwezi. Kati ya wale waliokwenda nchi kavu, takribani 225, watu 80 waliugua malaria ya falsiparamu. Walitakiwa kumeza meflokwini kila wiki. Damu zilipopimwa, kiwango cha dawa hakikulingana na cha mtu anayemeza ipasavyo. Wengi wao walikuwa wamelala nje bila chandarua na hawakupaka kitu.

Jeshi lenye maabara, ndege za kubeba wagonjwa na fedha zote zile. Wagonjwa walisafirishwa hadi Ujerumani na Marekani, wakapona. Kikosi cha nchi isiyo na ndege hizo kikipata pigo kama hilo tutakuwa tunazungumzia majeneza.

Ndiyo maana nakubaliana na mwanzisha uzi. Pale hapakuwa na upungufu wa dawa.

---

Mama Watatu

Samahanini kuingilia, mimi si askari ila mume wangu ni askari. Alirudi kutoka misheni akiwa mzima kabisa. Sasa ni miezi mitano, ameanza homa za kutetemeka, zinakuja zinaondoka, anatoka jasho hadi shuka linalowa. Tulikwenda hospitali, wakasema ni mafua makali, wakampa dawa za maumivu. Hawakumuuliza alikuwa wapi na yeye hakusema. Inawezekana ikawa malaria baada ya muda wote huo? Tunapoishi sasa hakuna malaria.

---

Dkt Maabara

Dada yangu, inawezekana kabisa. Usisubiri kesho. Mrudishe hospitali leo, na sentensi ya kwanza kwa daktari iwe: "Ametoka nchi yenye malaria miezi mitano iliyopita, tunaomba apimwe damu." Waombe wapime kwa darubini pia, na kipimo cha kwanza kikiwa hasi warudie baada ya saa 12 hadi 24, kwani vimelea vinaweza kuwa vichache mwanzoni. Akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kupata manjano, au mkojo kuwa mweusi, hiyo ni dharura.

Sasa nieleze kwa faida ya wote, kwa sababu hapa ndipo wanajeshi wengi wanapoteleza.

Falsiparamu mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki chache. Lakini vivaksi na ovale, ambazo ni aina nyingine za malaria, zina tabia ya kuacha vimelea vilivyolala ndani ya ini. Doksisaiklini, meflokwini na hata atovakwoni na proguanili havivifikii hivyo vilivyolala. Askari anameza dozi zake zote kwa uaminifu, anarudi nyumbani, na baada ya miezi vile vya kwenye ini vinaamka.

Mfano ulio wazi ni kikosi cha makomando wa Marekani, Rangers 725 waliokuwa mashariki mwa Afghanistan kati ya Juni na Septemba 2002. Watu 38 walipata vivaksi. Nusu ya wagonjwa hao waligunduliwa siku 233 au zaidi baada ya kurudi kwao. Walipoulizwa, ni asilimia 52 tu walikiri kumeza dawa ya kila wiki kama walivyoagizwa, na asilimia 41 tu walimeza ile ya kumalizia. Waliosema walitia dawa kombati zao walikuwa asilimia 82, waliopaka mafuta ya kufukuza mbu asilimia 29. Tazameni tofauti hiyo. Kazi inayofanyika mara moja kwa pamoja inafanyika. Inayomtegemea mtu peke yake kila siku inakufa.

Hiyo dawa ya kumalizia ndiyo primakwini, kawaida siku 14, na ndiyo inayosafisha ini. Siku hizi ipo pia tafenokwini, iliyoanzia kwenye taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed na kuidhinishwa huko mwaka 2018. Zote mbili zina sharti moja lisilo na mjadala: lazima mtu apimwe kwanza kimeng'enya cha G6PD. Mwenye upungufu wake akimeza dawa hizi chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi, na upungufu huo ni wa kawaida sana kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, sisi tukiwemo. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kuondoka na kiandikwe kwenye kadi ya afya ya askari, kama linavyoandikwa kundi la damu.

---

Mama Watatu

Asante sana daktari. Tunaondoka sasa hivi.

---

Afande Mstaafu

Naomba daktari aseme neno kuhusu meflokwini. Wenzangu kadhaa waliota ndoto mbaya mno wakiwa misheni, mmoja alikuwa anaamka usiku anatafuta silaha. Tukamwona mwoga. Baadaye ndipo nikasikia habari za ile dawa.

---

Dkt Maabara

Afande, shikamoo. Hakuwa mwoga, na inauma kwamba wengi waliitwa hivyo.

Meflokwini nayo ilitoka kwenye utafiti wa jeshi la Marekani ulioanza wakati wa vita vya Vietnam, ambako falsiparamu ilikuwa imeanza kuishinda klorokwini. Kidonge kimoja kwa wiki, kwa jeshi ni rahisi kusimamia, ikapendwa. Lakini kwa baadhi ya watu inaleta ndoto za kutisha, wasiwasi, huzuni nzito, kuona au kusikia visivyokuwepo, na kizunguzungu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lao kali kuliko yote, ikieleza kwamba kizunguzungu na matatizo ya mizani yanaweza hata kubaki ya kudumu. Vikosi maalumu vya nchi hiyo viliacha kuitumia mwaka huohuo. Uingereza nako bunge lililichunguza suala hili kwa ajili ya wanajeshi wake, mwaka 2016.

Mtu aliyewahi kuwa na sonona, wasiwasi, kifafa au matatizo mengine ya akili hapaswi kupewa. Ili kulijua hilo lazima kila mmoja ahojiwe ana kwa ana kabla ya safari. Kugawa vidonge kwenye mstari kwa megafoni hakutoshi. Na mtu aliyeshika bunduki akilalamika kuhusu usingizi wake, abadilishiwe dawa siku hiyohiyo.

---

Nyuki Mweusi

Na chanjo je? Zimeshatoka mbili.

---

Dkt Maabara

Zipo, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, lakini ni za watoto wadogo wa maeneo yenye malaria. RTS,S yenyewe ilianza miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa kampuni ya dawa na hiyohiyo taasisi ya Walter Reed, iliyotaka kuwalinda askari. Kinga yake haikutosha kwa askari anayehitaji kulindwa karibu kikamilifu, lakini kwa mtoto ambaye angeugua mara kadhaa kwa mwaka inaokoa maisha, na hilo linanifurahisha kuliko kama ingebaki makambini.

Hata artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ilitokana na vita. China ilianzisha mradi wa siri Mei 1967 kusaidia Vietnam Kaskazini, ambayo askari wake walikuwa wanateketea kwa malaria. Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuipata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

---

Mlinzi wa Usiku

Jambo moja la makamanda wanaopangiwa mijini na kudhani wako salama. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka 2012. Mwaka huo akaonekana mbu mgeni kutoka Asia, Anofelesi stefensi, anayezaliana kwenye matangi na madumu ya maji ya mjini. Mwaka 2020 nchi hiyo ilifikisha wagonjwa zaidi ya 73,000. Ni nchi ndogo iliyojaa kambi za majeshi ya kigeni. Kwa hiyo matangi ya kambi yafunikwe, mapipa yasiyotumika yapinduliwe, na ukaguzi wake uingie kwenye ratiba ya wiki kama ukaguzi wa silaha.

---

Afande Mstaafu

Swali langu la mwisho kwa mwanzisha uzi. Umesema ni kazi ya kamanda. Misheni ikiisha watu wanapewa likizo, kila mtu anakwenda kwao. Zile wiki 4 za doksisaiklini na siku 14 za primakwini, kamanda anazisimamiaje wakati hana kikosi mbele yake?

---

Tabibu wa Kikosi

Afande, hapo ndipo panapovuja kuliko pote, na takwimu za daktari hapo juu zimeonyesha hivyo. Nitaeleza utaratibu niliouona ukifanya kazi.

Mkiwa bado misheni, dawa inamezwa kwenye gwaride la jioni. Kiongozi wa sehemu anameza kwanza mbele ya watu wake, kisha kila mmoja anameza kwa maji na kufungua kinywa, jina linawekwa alama. Anayekwenda doria anapewa dozi zake ndani ya pakiti yenye jina, na kiongozi wa doria anarudisha pakiti tupu.

Mkirudi, likizo isianze siku ya kwanza. Kikosi kikae kambini wiki mbili: kupima afya, kukabidhi vifaa, na hapo ndipo primakwini inapomezwa gwarideni kwa waliopimwa G6PD na kuonekana salama. Kwa wenye upungufu, daktari apange njia nyingine mmoja mmoja. Zikiisha hizo wiki mbili, doksisaiklini imebaki wiki mbili tu za kwenda nazo nyumbani, na kiongozi wa sehemu ya watu wanane au kumi anaweza kuwapigia simu wote ndani ya robo saa.

Kila askari aondoke na kadi ndogo iliyoandikwa nchi aliyokuwepo, tarehe ya kutoka, dawa alizomeza, na maneno haya: nikipata homa ndani ya mwaka mmoja, nipimwe malaria. Nakala moja apewe mwenza wake au mzazi, kwa sababu mtu akishazidiwa hawezi kujieleza mwenyewe. Mama Watatu, ukipata nafasi tuambie majibu yamesemaje, na kama ni vivaksi waambie wampime G6PD kabla hawajampa primakwini.